Nani Aliyeshusha Nauli? Miaka 100 ya Tiketi za Ndege Minneapolis–Saint Paul

Kusini mwa jiji la Minneapolis, si mbali na mahali mto Minnesota unapoingia katika Mississippi, ilijengwa mwaka 1915 njia ya duara ya zege kwa ajili ya mashindano ya magari. Biashara hiyo haikudumu. Baada ya miaka michache ilifilisika, ikaacha eneo tambarare ambalo hakuna aliyelihitaji. Mwaka 1920 watu wa ndege walilichukua, na mwaka 1923 likapewa majina ya vijana wawili wa Minnesota, Ernest Wold na Cyrus Chamberlain, marubani waliokufa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hapo ndipo ulipo hadi leo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Minneapolis–Saint Paul, na hapo ndipo Wasomali, Wakenya, Waethiopia, Watanzania na Wakongo wanaoishi Minnesota wanapoanzia safari ya kwenda nyumbani. Kabla ya kufika hapo, kila mmoja wao amekwisha kuuliza: nauli ni kiasi gani, na je, haiwezi kupungua? Atakayefuata historia ya swali hilo ataona kwamba ujanja wa abiria peke yake haukutosha kamwe. Nauli ilishuka pale abiria alipokuwa na mwingine wa kumbeba, na ikapanda kila mara aliyebaki alipokuwa mmoja.

Mwanzoni abiria hakuhesabika. Sheria ya mwaka 1925, ijulikanayo kwa jina la mbunge Clyde Kelly, iliipa Posta ya Marekani uwezo wa kuzipa kampuni binafsi kandarasi za kubeba barua kwa ndege. Charles Dickenson, mfanyabiashara wa mbegu, aliipata njia ya Chicago na Miji Pacha, yaani Minneapolis na Saint Paul, katikati ya mwaka 1926, akashindwa kuihimili baada ya miezi michache tu. Iliyoirithi ni Northwest Airways, kampuni iliyoasisiwa mwaka huo huo na Lewis Brittin, ambayo ilianza kubeba barua tarehe 1 Oktoba 1926. Abiria walianza kupandishwa mwaka 1927. Barua ndizo zilizolipia safari, na mtu alikuwa nyongeza tu. Aliyetaka kuruka alikuwa mwenye haraka na mwenye fedha, na nauli yake ilipangwa kwa kipimo hicho.

Mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwafanya watawala wa Marekani waogope ushindani. Sheria ya mwaka 1938 ilizaa mfumo ambao Bodi ya Usafiri wa Anga, iliyojulikana kwa kifupi kama CAB, iliamua kampuni ipi iruke kwenda wapi na kwa nauli gani. Kwa miaka 40, hadi 1978, Bodi haikuruhusu hata kampuni moja mpya kuingia katika kundi la zile kubwa zilizohudumia njia kuu kati ya majimbo. Northwest ilinawiri chini ya mwavuli huo, ikafungua njia ya Tokyo mwaka 1947, na uwanja wa Minneapolis ukakua nayo. Lakini mtu wa Saint Paul aliyetaka kwenda New York hakuwa na sababu ya kuzunguka akiulizia bei. Kampuni mbili zilizoshiriki njia moja zilitoza nauli ile ile, zikagombania abiria kwa chakula, kwa viti na kwa tabasamu.

Nje ya Marekani hali ilikuwa hivyo hivyo. IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege iliyoundwa Havana mwaka 1945, ilikuwa baraza ambamo mashirika yalikaa pamoja na kupatana nauli za kimataifa, kisha serikali zikazibariki. Daraja la watalii lilipoanzishwa juu ya Atlantiki mwaka 1952, halafu daraja la uchumi mwaka 1958, bei zilipungua, ila zilipungua kwa mapatano. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 kuzihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilizaliwa ndani ya utaratibu huo. Shirika dogo la Iceland, Loftleiðir, lilikaa nje ya IATA, likauza tiketi za kuvuka Atlantiki kwa bei ya chini na kujaza ndege zake wanafunzi wa Kimarekani na Kiulaya waliokubali kusimama Reykjavík njiani.

Ni katika dunia hiyo ya nauli isiyojadiliwa ndipo Waafrika Mashariki walipofanya jambo ambalo kwangu ndilo tukio kubwa zaidi katika historia yetu ya kutafuta nauli nafuu. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Nairobi aliyekuwa bado hajafikisha miaka 30, alizunguka Marekani akizungumza na vyuo, vyama vya wafanyakazi na makanisa. Vyuo vilikuwa tayari kutoa nafasi za masomo. Kikwazo kilikuwa bahari. Kijana wa Kisumu au Nyeri angeweza kusomeshwa bure, lakini nauli ya kumfikisha darasani ilizidi uwezo wa ukoo mzima, na serikali ya kikoloni ya Waingereza haikuwa na nia ya kumsaidia kwenda Marekani. Mboya na wenzake wa Marekani, akiwemo mfanyabiashara William Scheinman, waliona kwamba tiketi 80 za rejareja ni mzigo usiobebeka, ilhali ndege moja nzima inaweza kukodiwa kwa mkupuo. Harry Belafonte, Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani michango. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kukodi ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy iliahidi dola 100,000 kwa ajili ya nauli, na miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri aliyeitwa Wangari, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Wangari Maathai. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamefika kwa mpango huo. Minnesota nayo ilikuwa imeanza kupokea Waafrika katika miaka hiyo: Kofi Annan wa Ghana alihitimu Chuo cha Macalester mjini Saint Paul mwaka 1961, kwa ufadhili wa Ford Foundation. Kilichofanya safari za Mboya ziwezekane ni wingi wa watu waliokusanyika kununua kwa pamoja. Wamarekani wenyewe walipita mlango huo huo. Kanuni za CAB ziliruhusu chama kukodi ndege kwa ajili ya wanachama wake, mradi mwanachama awe amejiunga angalau miezi 6 kabla ya safari, na vyama vya kila namna vikachipuka ambavyo shughuli yake halisi ilikuwa kupata bei ya kukodi.

Utaratibu wa zamani ulivunjika mwaka 1977 kwa ghafla iliyowashangaza waliouasisi. Mwezi Septemba, Mwingereza Freddie Laker alianzisha Skytrain kati ya London na New York, ambayo tiketi yake ilianza kwa pauni 59 bila kuhitaji chama wala uanachama. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisambaratika, na East African Airways ikafa pamoja nayo. Kenya Airways na Air Tanzania zilianzishwa juu ya mabaki yake, kila moja ikiwa na ndege chache na madeni mengi. Ni bahati mbaya ya kihistoria kwamba tuliligawanya shirika letu la pamoja katika mwaka ule ule ambao ushindani wa dunia ulikuwa unaanza kudai mashirika makubwa.

Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa mamlaka ya serikali juu ya nauli za ndani ya Marekani. Mchumi Alfred Kahn, aliyeiongoza CAB wakati huo, alifanya kazi adimu kwa mkuu wa taasisi yoyote: aliivunja aliyopewa. Bodi ilifungwa rasmi mwisho wa mwaka 1984. Minneapolis iliona matunda upesi. Mwaka 1979 North Central, kampuni ya mji huo, iliungana na Southern ya Atlanta na kuwa Republic Airlines. Mwaka 1982 wafanyakazi waliopoteza kazi shirika la ndege la Braniff lilipoanguka waliunda Sun Country, iliyoanza kwa kuwakimbiza watu wa Minnesota kutoka katika baridi ya Januari kwenda kwenye jua. Kisha mwaka 1984 People Express ya Newark ikaingia Minneapolis kwa nauli ya dola 99, na dola 79 kwa usiku na mwishoni mwa wiki. Northwest, ambayo awali ilitoza zaidi ya maradufu kwa tiketi ya kawaida, ilijibu kwa kushuka chini ya bei hizo. Abiria yule yule, kiti kile kile, na kilichobadilika ni kuwapo kwa mwingine.

Neema hiyo ilikuwa fupi. Mwaka 1986 Northwest iliinunua Republic kwa takriban dola milioni 884. Wizara ya Sheria ya Marekani ilipinga, Wizara ya Usafirishaji ikaruhusu. Kampuni mbili zilizokuwa zikigombania uwanja mmoja zikawa moja, iliyobeba karibu asilimia 80 ya abiria wa Minneapolis. People Express nayo ilimezwa na Continental mwaka 1987. Kuanzia hapo Miji Pacha ikawa kile ambacho wachumi hukiita kitovu kilichozungushiwa ngome. Wakazi walifaidi ndege nyingi za moja kwa moja kuliko mji wa ukubwa wao ulivyostahili, wakazilipia. Mwaka 1993 Reno Air, kampuni changa ya Nevada, ilithubutu kuleta ndege Minneapolis. Northwest iliifuata hadi nyumbani kwake, ikapanga safari mpya kutoka Reno kwenda miji ambayo Reno Air iliitegemea, na baada ya miezi michache mgeni aliondoka Minneapolis. Serikali ya Minnesota haikuwa na nguvu ya kusema neno. Mwaka 1992 Tume ya Viwanja vya Ndege ya Miji Pacha ilikuwa imeikopesha Northwest dola milioni 270 ili isifilisike, kwa hofu ya kupoteza ajira.

Ngome hiyo ilizaa mbinu ya ajabu. Mtu aliyetoka mji mwingine, akapitia Minneapolis na kuendelea mbele, alilipa mara nyingi pungufu kuliko aliyeshukia Minneapolis, kwa kuwa huko mbele kulikuwa na washindani. Basi wako walionunua tiketi ya mji wa mbali na kukatisha safari katikati. Mashirika yaliikataza mbinu hiyo tangu zamani, na hufuta sehemu zote za tiketi zinazofuata pale abiria asipotokea. Mwaka 2013 tovuti ya Skiplagged iliifanya iwe kazi ya kila mtu, na mwaka 2014 shirika la United na tovuti ya kuuza tiketi ya Orbitz ziliishtaki. Kwa anayekwenda Afrika na mabegi mawili yaliyosajiliwa hadi mwisho wa safari, mbinu hiyo haimfai kitu.

Kwetu sisi, muhimu zaidi ni mlango uliofunguliwa upande wa mashariki. KLM ya Uholanzi iliwekeza katika Northwest mwaka 1989. Marekani na Uholanzi zikatia saini mkataba wa anga huru mwaka 1992. Na mwaka 1993 mashirika hayo mawili yakapewa ruhusa ya kupanga nauli pamoja kana kwamba ni moja. Mwaka 1996 KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways serikali ya Kenya ilipoiuza. Mnyororo ukakamilika: Minneapolis, Amsterdam, Nairobi, na kwa ndege za KLM zenyewe, Kilimanjaro na Dar es Salaam.

Mnyororo huo ulikamilika katika miaka ile ile ambayo watu wake walikuwa wanawasili. Dola ya Somalia ilianguka mwaka 1991, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi walihamia Minnesota, kwanza wakifuata kazi katika viwanda kama kile cha nyama ya bata mzinga mjini Marshall, kisha wakifuata ndugu waliotangulia. Wengi walitoka kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma, wakiwa wamejifunza Kiswahili Kenya. Tiketi yao ya kwanza haikutafutwa kwa bei. Ilitolewa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, kama mkopo usio na riba, na marejesho yalianza miezi 6 baada ya kufika. Familia ya watu 8 ilianza maisha mapya ikidaiwa viti 8 vya ndege. Sijui kama kuna jamii nyingine Minnesota iliyoujua uzito wa nauli mapema kiasi hicho.

Kutokana na jamii hiyo alizuka mtu ambaye historia za usafiri wa anga humpita bila kumtaja: wakala wa safari wa mtaani. Katika Cedar-Riverside, katika maduka ya Kisomali ya kusini mwa Minneapolis, na baadaye kwa Wakenya wa Brooklyn Park, ofisi ndogo yenye meza, simu na picha ya Makka au ya Kilimanjaro ukutani ilifanya kazi ambayo kampuni kubwa haikuijua. Jimbo hilo hilo lilikuwa makao ya Carlson, mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya uwakala wa safari duniani, lakini Carlson ilimhudumia zaidi mfanyakazi wa shirika anayelipiwa safari na mwajiri. Wakala wa mtaani alimhudumia mama anayekwenda Garissa kumzika baba yake. Alinunua kwa wauzaji wa jumla, ambao hupewa na mashirika bei za siri zisizotangazwa kwa umma, kwa sharti la kujaza viti. Akaongeza faida yake ndogo, akapokea fedha taslimu, akakubali malipo kwa awamu kwa kuwa alimjua shangazi wa mteja. Wengine walimlipa kwa fedha za upatu, ambao Wasomali huuita hagbad na Wakenya huujua kwa jina la chama. Wakala alijua ni shirika lipi linaruhusu mabegi mawili ya kilo 23, na kwamba shule zinapofungwa Juni bei hupanda hadi Agosti, kisha hupanda tena Desemba. Kwa njia yake, ule ununuzi wa pamoja wa mwaka 1959 uliendelea kuishi.

Mashirika ya ndege, hata hivyo, yalikuwa yameamua kuwapunguza mawakala. Februari 1995 Delta iliweka ukomo wa dola 50 kwa kamisheni ya tiketi ya ndani ya kwenda na kurudi, nyingine zikaiga. Machi 2002 kamisheni ya kawaida ilikufa kabisa. Wakati huo huo intaneti ilikuwa imekwisha kuingia: tovuti za tiketi za Travelocity na Expedia mwaka 1996, kisha Orbitz mwaka 2001, iliyoasisiwa na mashirika yenyewe, Northwest ikiwemo. Tarehe 1 Juni 2008 tiketi ya karatasi ilifikia mwisho katika mfumo wa IATA, na mwaka 2011 Google ilianza kuonyesha nauli za ndege kwa kalenda, siku kwa siku. Abiria alipata kuona kile alichokiona wakala. Lakini mashirika nayo yalikuwa yamejifunza, tangu American Airlines ilipoanza kupanga bei kwa kompyuta katika miaka ya 1980, kugawa ndege moja katika madaraja mengi ya bei yasiyoonekana, na kuyafungua au kuyafunga kwa kadiri viti vinavyojaa.

Mwaka 2008 Delta iliimeza Northwest, na jina lililoruka kutoka Minneapolis tangu 1926 likatoweka. Ngome ilibadilisha bendera tu. Washindani walikuja: Southwest mwaka 2009, Spirit mwaka 2012, na Sun Country ikajigeuza kuwa shirika la bei ya chini baada ya mwaka 2017. Nauli za ndani zilipoa katika njia walizoingia. Nauli ya Afrika Mashariki haikuguswa na hao. Mwezi Juni 2009 Delta ilikuwa imepanga kufungua safari ya Atlanta–Dakar–Nairobi. Serikali ya Marekani iliizuia dakika za mwisho kwa sababu za usalama. Mwaka huo huo Delta, Air France na KLM zilianza kugawana mapato ya njia za Atlantiki, kwa hiyo anayelinganisha Delta na KLM kutoka Minneapolis analinganisha mifuko miwili ya mtu mmoja.

Nafuu ilitoka mji jirani. Chicago, mwendo wa kilomita 650 kwa barabara, ilipokea Etihad mwaka 2009, Qatar Airways mwaka 2013, Emirates mwaka 2014, na Juni 2018 Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa. Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Turkish Airlines, iliyokuwa imerudisha matumaini ya Mogadishu kwa kutua huko Machi 2012, nayo iko Chicago. Mashirika haya ya Ghuba, Istanbul na Addis Ababa yana vitovu vyao upande wetu wa dunia, na yanagombania abiria yule yule anayetaka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Mogadishu. Tangu Mei 2024 treni ya Borealis inaunganisha Saint Paul na Chicago kila siku, na mabasi yapo. Minneapolis yenyewe ilipata Lufthansa Juni 2024, ambayo haimo katika kundi la Delta.

Kwa hiyo, msomaji uliye Miji Pacha, usitafute nauli kutoka uwanja mmoja. Tafuta kutoka Minneapolis, kisha kutoka Chicago, halafu umpelekee wakala wako bei zote mbili na umuulize kama bei yake ya jumla inazishinda. Afadhali tiketi moja inayokutoa Minneapolis hadi mwisho wa safari, ingawa imezidi kidogo. Ukinunua mbili tofauti na theluji ya Januari ikakuchelewesha Chicago, shirika la pili halina deni kwako wala halikujui. Ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya safari, kanuni ya Wizara ya Usafirishaji ya Marekani inalitaka shirika likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 na kurudishiwa fedha zote, au likushikilie bei kwa muda huo kabla hujalipa. Kanuni hiyo haiwafungi mawakala, basi muulize wako kabla ya kutoa fedha. Na familia tatu zinazosafiri wiki moja ziende kwa wakala pamoja.